Mtu wa Tatu

Saa nane usiku, Kirumba. Feni imesimama,
luku inalialia, uniti mbili,
na mimi Nkwimba, binti wa mpima nyavu,
nimeshika zamu ya uamuzi
katika mchezo wenye ngome saba na joka lisilokufa
mpaka watu arobaini wabonyeze kwa pamoja.

Shauri limefika. Mlalamikaji: kijana wa Igoma,
jina lake la vitani Radi-ya-Mawe.
Anasema alikesha wiki tatu kwa bando la kuazima
akijifunza pigo la funguo tisa
hadi vidole vikaota sugu,
halafu Magafu wa Ukerewe
akalipiga lile lile, bila kukosea,
mara mia mbili na kumi na nne.
"Binadamu hukosea," kaandika kijana.
Kweli. Nimehesabu mwenyewe:
kati ya pigo na pigo, muda ule ule,
kama matone ya bomba bovu.

Kanuni ya tano haina maneno mengi.
Mchezaji asitumie jalizi la mtu wa tatu.
Wa kwanza ni wewe. Wa pili ni mchezo.
Wa tatu ni yule uliyempitisha mlango wa uani,
anayebonyeza wakati wewe unapiga miayo.

Nikamwita Magafu kwenye chumba cha maandishi.
Hakukana.
Jibu likaja herufi moja moja,
kama mtu anayechambua mchele gizani:
"dada, mashine ya minofu
ilichukua vidole vitatu, mkono wa kulia,
mwaka juzi, zamu ya alfajiri.
jalizi linabonyeza palipo na pengo.
huyo ndiye mtu wa tatu."
Kisha, baada ya kimya:
"na miwani yako je, ni mtu wa ngapi?"

Nikaivua miwani. Skrini ikawa ukungu wa ziwa.
Nikaivaa tena.

Baba alikuwa na kijiti cha mninga,
kimechongwa inchi sita, si zaidi si pungufu.
Siku moja mwaloni akakipitisha kwenye nyavu za Lugata,
mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja.
Kijiti kikagoma. Macho ya wavu yamebana,
sangara wachanga wangali wamenasa.
Kijiti hakina shemeji.
Nyavu zikachomwa pale pale mchangani,
moshi wa nailoni ukatufuata hadi nyumbani,
ukakaa kwenye shuka.
Usiku baba akabeba debe la mahindi
akalitua mlangoni kwa Lugata.
Hakuomba radhi. Alisema tu,
"Zimeungua nyavu. Wewe hukuungua."
Debe Lugata alilipokea.
Salamu ndiyo hakuipokea, miaka sita.

Sasa kijiti kiko kwangu, nacho ni kitufe chekundu.
Aliyeuunda mchezo yuko mbali, kalala;
hajui samaki anavyochunwa ngozi kwa sekunde nne,
hajui bando la Igoma hukopwa
kwa mama muuza dagaa, hulipwa kwa kuchota maji.
Yupi kati yao nimwambie jasho lake ni la bandia?

Nimebonyeza. Siku saba nje ya ngome.
Mfumo ukanishukuru kwa herufi za kijani:
*Umelinda haki ya uchezaji.*
Magafu akaandika, "nimelewa dada."
Nadhani alitaka kusema ameelewa.
Nadhani. Kile kidole kingekuwepo
kingeongeza e ya pili.

Nimefungua ukurasa wa kanuni.
Chini ya ile ya tano nimeandika neno moja,

isipokuwa

na kialama kinapepesa mbele yake,
kinapepesa,
uniti sifuri nukta tatu,
nami nina kisu na mti mbichi,
sijui nianze kuuchonga upande gani.